Usiache Mbachao: Mjadala wa Simu Kuukuu na Simu Mpya

Katika mambo ambayo watu wa Unguja hushauriana kwayo barazani siku hizi, baada ya bei ya mchele na nauli za boti, ni machache yanayorejea mara kwa mara kama hili la simu: mtu aliye na simu janja ya miaka mitano au sita, ipigayo na kupokea, isomayo ujumbe na kupiga picha, lakini iendayo kwa kujikokota na kuzimika kabla ya alasiri, je, aitengeneze aendelee nayo, au aiweke kando anunue nyingine? Suali hili huonekana dogo, na aghalabu hujibiwa kwa haraka na mtu asiyelipa gharama; walakini ndani yake mna hesabu ya fedha, mna amana za watu, mna ghururi za biashara, na mna jasho la watu wa mbali ambao mnunuzi hatawaona maisha yake.

Nimeona si insafu kulihukumu kwa sauti moja. Nimewapanga hapa wasemaji watano, ambao sikuwapa majina kwa sababu kila mmoja wao ni kundi zima la watu: Mshoni wa kofia, ambaye ndiye mwenye simu, Mwenye Duka la simu wa Darajani, Fundi, ambaye meza yake iko ubavuni mwa duka hilo, Karani mstaafu, jirani wa Mshoni, na Mwanafunzi wa chuo kikuu, binti asomaye elimu ya kompyuta, ambaye Mshoni ni shangazi yake. Simu yenyewe na tuichukue kuwa ni ya Android toleo la 9, ya bei ya kati, iliyonunuliwa mwaka 2019 katika Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, ikavushwa bahari ndani ya mkoba. Kazi yangu mimi ni kuandika, na pale nitakaposhindwa kunyamaza, kutia neno.

MSHONI: Assalaam alaykum, jamaa zangu. Haja yangu ni fupi. Ninashona kofia za vitobo, na vipande vingine ninawagawia wanawake wenzangu wa mtaani wavishone majumbani mwao. Kofia zikisha, nyingine huuzwa hapa mjini, nyingine huenda Maskati kwa wateja wachaguao kwa picha kabla hawajatuma fedha. Kwa hivyo simu ndiyo duka langu, ndiyo daftari langu, na fedha zangu zimo humo humo. Sasa tangu kaskazi iliyopita picha zangu zimeingia ukungu, mteja ananiuliza, "Bi, hivi ni vitobo au ni madoa?" Betri nikiijaza alfajiri, saa sita ya mchana imekwisha. Kuchaji nako ni mpaka niupinde waya na kuuegemeza kwenye bilauri. Na kila asubuhi inaniambia nafasi imejaa. Mwenye Duka amenishauri ninunue mpya, tena amekubali nilipe kidogo kidogo. Jirani yangu Karani amenikataza. Nimekuja kusikiliza.

MWENYE DUKA: Waalaykum salaam, dada. Mimi nauza, na hilo silifichi; lakini muuzaji naye huweza kusema kweli. Chombo hiki kina umri, na umri huo haukuwekwa nami. Tazama WhatsApp, ambamo wateja wako wote wamo: tarehe 1 Novemba 2021 iliziacha simu zote zilizokuwa chini ya Android 4.1, na tarehe 24 Oktoba 2023 ikapandisha kizingiti mpaka Android 5.0, na wenye iPhone nao, tangu Mei 2025, mwenye mfumo usiofika toleo la 15.1 hana nafasi tena. Kila baada ya miaka michache kuna watu waamkao asubuhi wakakuta mlango umefungwa. Je, ungojee ufungiwe siku ambayo mtu wa Maskati amekwisha tuma fedha na anataka kuiona kofia yake? Fauka ya hayo, wenye viwanda siku hizi wanaweka ahadi ambazo zamani hazikuwapo. Google ilipotoa Pixel 8, Oktoba 2023, iliahidi miaka saba ya masasisho. Samsung ikafuata Januari 2024 kwa Galaxy S24. Miaka saba, dada! Kofia ngapi utakuwa umeshona?

KARANI: Maneno yamepangwa vizuri, lakini na tuyapime. Simu ya binti yangu huyu ni toleo la 9, na kizingiti ulichokitaja ni cha 5. Kwa hivyo mlango unaomtishia nao bado uko mbali naye. Hilo moja. La pili, hizo simu za miaka saba, ndizo unazotaka kumuuzia?

MWENYE DUKA: Hizo bei yake ni kubwa, mzee wangu. Ninayomwekea ni ya kiasi chake.

KARANI: Nayo imeahidiwa miaka mingapi?

MWENYE DUKA: Kwenye kasha hawakuandika.

Hapa naomba kutia neno, kwa kuwa katika mabishano haya ya simu mtego mkubwa ndio huu, na wengi huupita bila kuuona: sifa za simu ghali hutumiwa kuuzia simu rahisi. Mtu husikia "simu za siku hizi" zina kamera hivi na masasisho vile, akatoka dukani na simu mpya ambayo katika mambo hayo yote huenda isiizidi ile aliyoiacha, isipokuwa kwa ung'avu wa kioo na harufu ya kasha. Upya wa simu na ubora wake ni mambo mawili, na Mwenye Duka, ambaye si mwongo, hakulazimika kusema uwongo wowote ili yachanganyike.

FUNDI: Nyote mnaijadili simu ambayo hamjaifungua. Niletee hapa, mama. Umesema kuchaji ni kwa taabu. Tazama ndani ya kitundu hiki, ambacho sisi hukiita sistimu chaji. Naizima kwanza, kisha nachukua kijiti cha kuchokolea meno, maana sindano ya chuma huweza kugusanisha yasiyotakiwa kugusana, naipitisha ncha ubavuni, taratibu, nisizikwaruze zile pini za kati. Unakiona kinachotoka? Ni uzi mweupe wa kofia, umesokotana na vumbi la nguo, umeshindiliwa humo miaka yote hii kila unapochomeka waya, hata kichwa cha chaja kikawa hakifiki mwisho. Chomeka sasa. Imeshika, na bilauri yako irudi jikoni.

Sasa kamera. Hiki kioo kidogo kinachofunika lenzi kimejaa mikwaruzo. Mkobani simu inalala pamoja na sindano na pini, sivyo? Lenzi yenyewe iliyo chini yake ni nzima. Kioo hiki kimebandikwa kwa gundi. Hupashwa moto kidogo, hutolewa, hubandikwa kingine, na katika kazi zangu zote hapana iliyo nyepesi kuliko hii. Wateja wako wa Maskati walikuwa wakizitazama kofia zako kupitia mikwaruzo hii.

Limebaki la betri, nalo ndilo lenye maneno. Betri za lithiamu huchakaa kwa kutumika na huchakaa zaidi kwa joto. Apple wenyewe husema betri za iPhone zilizotangulia toleo la 15 zimekusudiwa kubakiza asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kujazwa na kumalizwa mara 500; mwenye kuimaliza na kuijaza kila siku hufika hapo kabla ya mwaka na nusu. Joto likipita nyuzi 35 jambo hilo huharakishwa, na sisi tunaishi pwani, na simu tunaziacha dirishani penye jua, tena ziko ndani ya kava nene, tena zinachaji. Betri yako ina miaka sita, mama. Kuchoka ni haki yake. Lakini betri kuchoka si simu kufa. Zamani mtu hakuhitaji fundi kwa jambo hili: Galaxy S5 ya mwaka 2014 mgongo wake ulifunguka kwa ukucha, betri ikatoka ikaingia nyingine, ilipokuja S6 mwaka 2015, mgongo ukafungwa kwa gundi. Tangu wakati huo mwenye simu haioni betri, na kwa kuwa haioni hufikiri simu nzima imezeeka.

MWENYE DUKA: Umesema vizuri, Fundi, na mimi sina shaka na mkono wako. Nina shaka na betri utakayoitia. Darajani na Kariakoo zimejaa betri zilizoandikwa jina la kiwanda ambacho hakikuziunda. Mtu huweka leo, baada ya miezi mitatu imevimba, imeinua kioo, na simu iliyokuwa nzima sasa ina maradhi mawili. Mbona hilo hulisemi?

Fundi hakujibu upesi, na mimi namheshimu kwa kutojibu upesi.

FUNDI: Ni kweli. Zipo, na kuzitambua kwa macho si rahisi, hata kwangu. Ninachoweza ni hiki: kununua kwa mtu ninayemjua, kumwandikia mama karatasi ya dhamana yenye tarehe na muhuri wangu, na ile betri ya zamani kumwonyesha ikitoka. Fundi asiyekubali kuandika karatasi, usimwachie simu yako.

KARANI: Nami niseme langu, ambalo ni la hesabu, kwa kuwa maisha yangu yote nimeshika daftari. Wahenga waliposema usiache mbachao kwa msala upitao, hawakusema mbacha ni bora kuliko msala. Walisema msala bado haujawa wako. Na msala anaouonyesha jirani yetu ni wa kulipwa kidogo kidogo. Mpango huu si mgeni. Kenya, mwaka 2020, Safaricom kwa kushirikiana na Google walianzisha Lipa Mdogo Mdogo: mtu alitanguliza kiasi, kisha akalipa shilingi 20 za Kenya kwa siku. Siukashifu, kwa maana umewatoa watu wengi katika vitochi, zile simu ndogo za vibonyezo, ukawatia katika intaneti, nao wasingeweza kutoa fedha zote kwa mkupuo. Lakini mwenye kuingia na ajue sharti lake: simu za mipango ya namna hii hufungwa kwa mbali malipo yakichelewa. Kwa mtu wa mshahara hiyo ni taabu ya siku mbili tatu. Kwako wewe, binti yangu, ni jambo jingine kabisa, kwani siku utakazokosa fedha ni zile ambazo kofia hazikuuzwa, na siku hizo hizo ndizo utakazoihitaji simu zaidi ili uziuze. Basi itafungwa wakati ambao kufungwa kwake kutakuzuia kupata cha kuifungulia. Deni la namna hiyo mimi sikushauri uliingie, hata simu ingekuwa ya dhahabu.

MWENYE DUKA: Mzee wangu, ungekuwa unafanya biashara ungejua kuwa hapana biashara bila deni.

KARANI: Najua. Ndiyo maana niliajiriwa kuyaandika.

MWANAFUNZI: Shikamoo babu, shikamooni nyote. Naomba ruhusa niongeze. Yule anayesema simu huzeeshwa kwa makusudi mara nyingi hudhaniwa ana shubaha tupu, lakini jambo hili lilipata kuthibiti. Desemba 2017 Apple walikiri kwamba mfumo wao ulikuwa ukipunguza mwendo wa iPhone zenye betri zilizochoka, bila ya wenye simu kuelezwa. Walidai ni kuzuia zisizimike ghafla. Wakaomba radhi, wakashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29, na mwaka 2020 Ufaransa ikawatoza faini ya euro milioni 25. Hebu fikirini ni watu wangapi waliokuwa wamekwisha nunua simu mpya kwa ajili ya ugonjwa uliokuwa wa betri tu. Ulaya baadaye wameweka sheria: simu zinazoingia sokoni kwao tangu tarehe 20 Juni 2025 lazima vipuri vyake vipatikane kwa miaka saba baada ya kuacha kuuzwa, na masasisho ya mfumo kwa miaka isiyopungua mitano.

MWENYE DUKA: Sheria ya Ulaya haifiki Darajani.

MWANAFUNZI: Sheria haifiki, lakini simu hufika. Toleo lililolazimishwa kule kuwa na vipuri vya miaka saba ndilo hilo hilo mara nyingine huishia huku, na vipuri vyake vitakuwa vimetengenezwa. Na kuna jambo jingine nalotaka tulikumbuke. Ndani ya betri nyingi za simu mna kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, zaidi ya nusu, huchimbwa Kongo, katika Lualaba na Katanga ya Juu, kwa watu wa Kolwezi na Lubumbashi ambao husema Kiswahili kama sisi, kwa lahaja yao. Koltani hutoka Kivu, na huko vita vimekaa juu ya machimbo. Kisha hesabu za viwanda vyenyewe huonyesha kwamba sehemu kubwa ya uchafuzi wa hewa unaosababishwa na simu moja hutokea wakati wa kuundwa kwake, kabla haijawashwa na mwenyewe. Na mwisho wake? Mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za vyombo vya umeme, na zilizokusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu unaojulikana hazikufika robo.

MSHONI: Mwanangu, yote hayo nimeyasikia na moyo wangu umeyapokea. Lakini niambie: mimi nikikaa na simu hii kuukuu, yule mtoto wa Kolwezi atashiba?

MWANAFUNZI: Hatashiba, shangazi.

MSHONI: Basi?

MWANAFUNZI: Basi hiyo si hoja ya kukuzuia wewe peke yako. Ni hoja ya kutoinunua simu isiyohitajika. Na kama inahitajika, tutajua baada ya kuuliza suali moja ambalo hapana aliyeliuliza mpaka sasa. Fungua Mipangilio. Shuka mpaka chini, palipoandikwa Kuhusu simu. Ingia penye toleo la Android. Isome tarehe ya sasisho la usalama.

MSHONI: Imeandikwa 5 Oktoba 2021.

MWANAFUNZI: Hiyo ndiyo siku ambayo simu hii iliachwa, ingawa inapiga na kupokea. Nieleze kwa kituo. Mwezi Julai 2015 ilitangazwa kasoro katika Android, iliyopewa jina la Stagefright, ambayo kwayo mtu aliweza kukutumia ujumbe wenye video, na video hiyo ikamfungulia njia ya kuingia ndani ya simu yako hata kabla hujaitazama. Kuanzia Agosti ya mwaka huo Google walianza kutoa viraka vya usalama kila mwezi, na huchapisha orodha ya matundu waliyoyaziba. Sasa angalieni lililomo ndani ya jambo hili. Orodha hiyo, kwa mwenye simu iliyosasishwa, ni habari njema. Kwa mwenye simu iliyoachwa ni tangazo, kwa sababu mwizi naye huisoma, akajua ni tundu gani lililozibwa kwa wengine na lililobaki wazi kwake. Tangu Oktoba 2021 matangazo hayo yametoka mara kwa mara, na simu yako haikupata hata kiraka kimoja. Fundi akitia betri mpya na kioo kipya itakuwa nzuri, itakuwa na nguvu, na itakuwa wazi vile vile.

MWENYE DUKA: Mnaona? Nilisema anunue.

Ukweli ni kwamba aliyosema Mwenye Duka mwanzoni hayakuwa haya. Lakini hoja ilikuwa imegeuka, na mimi niliyekuwa nimeelemea upande wa Fundi nikawa sina budi kukaa sawa. Kwa muda mrefu tumezoea kuupima uzee wa chombo kwa mwili wake: cherehani ikishona ni nzima, redio ikisema ni nzima. Simu imeiharibu kanuni hiyo, kwani ni chombo ambacho mwili wake huweza kuwa mzima na ulinzi wake umekwisha, na hapana kelele wala moshi utakaokujulisha.

KARANI: Mjukuu wangu amesema jambo la maana, na sitalipinga kwa inadi. Ila nauliza, kwa ajili ya kupima tu: fedha zinazoibwa hapa kwetu, aghalabu huibwa kwa matundu hayo? Mimi nijuavyo, mwizi wa kwetu hatoboi kitu. Hukutumia ujumbe, "ile pesa tuma kwenye namba hii," ukatuma mwenyewe. Au hukupigia akajifanya mtu wa kampuni, ukampa namba ya siri kwa mdomo wako. Kiraka gani cha Google kitaziba hilo?

MWANAFUNZI: Hakuna, babu. Hilo huzibwa kwa kukata simu.

KARANI: Na akaunti yake ya fedha huifungua kwa kubonyeza nyota na namba, jambo ambalo hata kitochi hulifanya. Basi laini ya fedha itolewe ndani ya simu hii, iwekwe katika kitochi cha bei ndogo kikae nyumbani. Simu kuukuu ibakiwe na laini nyingine ya bando, picha na WhatsApp. Asiweke humo programu ya benki. Mwizi akiingia atakuta kofia.

MWANAFUNZI: Atakuta na majina ya wateja, babu, na sauti za wale wanawake wanaoshona, na nani anamdai nani. Lakini nakubali kuwa hasara hiyo ni ndogo kuliko ya fedha, na kwa muda mfupi ni njia nzuri.

MWENYE DUKA: Vitochi navyo ninavyo, ikiwa vitahitajika.

Baraza ikacheka, na ulikuwa wakati wake.

FUNDI: Na akinunua siku moja, si lazima anunue mpya. Simu ya mtumba ya daraja la juu, iliyotumika miaka miwili Dubai au Ulaya, huweza kuwa na masasisho ya miaka mingi mbele yake kuliko mpya ya bei ile ile. Lakini asinunue gizani. Abonyeze *#06# aone namba ya IMEI na aitazame kama ni sawa na ya kwenye kasha, kwani watu wa nchi hii hawajasahau tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima simu bandia, wengine wakabaki na vipande vya plastiki mikononi. Ahakikishe akaunti ya mwenyewe wa kwanza imetolewa, la sivyo siku atakayoifuta itamdai neno la siri ambalo hana. Kisha atazame tarehe ya kiraka kwanza, na kamera baadaye.

MWENYE DUKA: Kwa hilo la akaunti, Fundi, mkono wangu huu. Watu huniletea simu zilizofungwa, machozi yanawatoka, na mimi sina la kuwafanyia.

MSHONI: Basi niamulieni, maana nina kofia zinangoja picha.

Nami, kwa kuwa nimewaita, naamua. Betri ibadilishwe wiki hii, kwa karatasi yenye muhuri, na kioo cha kamera kibandikwe siku hiyo hiyo. Gharama ya vyote viwili ni sehemu ndogo ya bei ya simu janja yoyote iliyo dukani, na hata simu ikija kuuzwa baadaye, itauzika zaidi ikiwa na betri nzima na picha safi. Nafasi iliyojaa si shauri la kununua: Mwanafunzi amzimie shangazi yake ule mtindo wa WhatsApp wa kujihifadhia kila video ya kila grupu la harusi, afute zilizokwisha rundikana, na simu itapata pumzi. Laini ya fedha itoke leo, iende katika kitochi, na kitochi kinunuliwe kwa Mwenye Duka, ambaye kwa subira yake anastahili kuuza kitu. Deni la kidogo kidogo, hapana. Na kile ambacho angelilipa kila siku akiweke kando mwenyewe, kwa mkono wake, katika mkebe au katika akiba ya simu, mpaka kitoshe kununua mtumba mwema wa daraja la juu wenye masasisho ya miaka isiyopungua mitatu mbele yake. Na asichelewe sana, kwa sababu kuikarabati simu iliyoachwa tangu 2021 ni kununua muda, na muda huo una mwisho. Kama simu yake ingekuwa na kiraka cha mwaka huu, ningesema aitumie mpaka kioo kipasuke.

Wewe msomaji, ambaye hali yako huenda si ya Mshoni, usichukue hukumu yake ukaifanya yako. Ingia Mipangilio uisome tarehe kwa macho yako kabla hujamsikiliza muuzaji au fundi. Na siku utakapoitoa simu yako mkononi, iwe kwa kuuza, kwa kumpa mpwa au kwa kuiacha juu ya meza ya ukarabati, toa laini, toa kadi ya kumbukumbu, ondoa akaunti yako, kisha uifute yote irejee kama ilivyotoka kiwandani. Kwani zilizomo ndani yake si picha zako peke yako.